Kabati la Mdachi

Mwanaasha binti Mashaka hupima kabati kwa pua. Huchomoa droo, huiinua hadi usoni kama mtu anayenusa maharage ya jana kuona kama yamechacha, hufumba macho, na ndipo huanza kusema. Mimi niliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini na sita nilidhani ni maigizo ya kuwavutia wateja. Sasa najua kwamba mbao hutunza harufu ya kila kilichowahi kuwekwa ndani yake, na kwamba mwanamke huyu hajui kuigiza.

Anaishi Njoro, mjini Moshi, katika nyumba yenye karakana ubavuni. Alizaliwa humo mwaka 1960. Baba yake, Mzee Mashaka, alikuwa fundi seremala, na babu yake alikuwa fundi pia. Mashaka alipata mabinti watano, hakupata mtoto wa kiume, na msumeno mkubwa wa kupasulia magogo huvutwa na watu wawili. Basi kila binti alishika ncha ya pili kwa zamu yake mpaka alipoolewa. Mwanaasha alikuwa wa mwisho, naye aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa hiyo ncha ile haikumtoka mkononi. Mumewe, dereva wa malori ya Tanga, alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Raya. Tangu hapo Mwanaasha amekula kwa jasho la randa.

Siku hizi mabega yamekataa kuranda, lakini jicho bado. Mwenye hoteli anayetaka viti vya zamani, ndugu wanaogombea meza ya urithi, mtu aliyeokota kitanda cha bibi yake stoo, wote humwita aje aseme kitu ni cha mti gani, cha umri gani, na kinafaa bei gani. Huandika karatasi kwa mkono, akaweka sahihi na tarehe. Ana sharti moja asilolivunja: anachokipima hakinunui, wala hakiletei mnunuzi. "Anayepima akiwa na hamu ya kununua," aliniambia, "jicho linahamia mfukoni."

Nilimwita mwaka jana kwa kazi niliyodhani ni ya nusu saa.

Mimi ni mjane wa Hosea, mwana wa kwanza wa Mwinjilisti Eliakim wa Machame. Nyumbani kwetu kuna kabati ambalo ukoo mzima, na usharika mzima, waliliita kabati la Mdachi. Mdachi, kama watu wazima wanavyojua, ni jina la zamani la Mjerumani. Habari zake zilijulikana: wamisionari wa Kijerumani walipoondoka mwaka 1920, baada ya ile vita ya kwanza, mmoja wao alimwachia kijana Eliakim kabati lake, kwa kuwa alimwona mwaminifu kuliko wenzake wote. Habari hizo ziko ukurasa wa kumi na nne wa kitabu kidogo cha historia ya usharika wetu, kilichochapishwa mwaka 1983. Aliyekiandika ni mimi.

Usharika ulikuwa umejenga chumba cha kumbukumbu, na kabati letu lingekuwa kitu cha kwanza kuingia humo. Kibao cha shaba kilikuwa tayari kimechongwa: *Zawadi ya Mmisionari kwa Mwinjilisti Eliakim, 1920.* Siku ilipangwa kuwa Jumapili. Mzee Godlove, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliomba kitu kimoja tu, karatasi ya mpimaji, ili kabati liandikwe vizuri katika orodha ya mali za usharika. Shemeji yangu Jesse, mdogo wa Hosea, naye alikuwa anaitaka karatasi hiyo kwa sababu zake. Mwenye hoteli mmoja mjini alikuwa amemtajia milioni saba kwa kabati halisi la Kijerumani, na Jesse alitaka kila mtu kanisani ajue tumeacha nini ili kumtolea Mungu.

Mwanaasha alifika Alhamisi asubuhi, amevaa baibui na raba zilizojaa tope la njia yetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu. Tuanze na chai."

"Chai baadaye. Chai ikitangulia, kabati linakuwa zuri."

Jesse, aliyekuwa amekaa kochini na miguu ameinyoosha, alicheka. Lakini mama yule alipochomoa droo ya kwanza akaiweka puani, hakuweza kunyamaza.

"Mama, kabati halijaoza hilo. Mbona unalinusa?"

"Hata wewe hujaoza, baba, lakini mkeo anakunusa kila ukirudi."

Nilijigeuza dirishani ili shemeji asione uso wangu.

Alifanya kazi bila haraka. Alipitisha kidole ndani ya kila pembe. Alikwangua kwa ukucha mahali ambapo vanishi haikufika. Alikaa kwa muda akigusa vigingi vidogo vya mti vilivyofunga pembe za droo, akavihesabu, akavigusa tena, na nilipomuuliza ameona nini alisema bado. Kisha akasema neno moja:

"Mringaringa."

"Ndiyo nini?"

"Mbao zake, Mwalimu. Mringaringa. Kama ule uliobeba mzinga wa nyuki pale nje kwenye kihamba chako, kati ya migomba. Ulaya hauoti."

Nilimweleza, kwa upole niliokuwa nautumia kwa wanafunzi wagumu, kwamba mmisionari angeweza kulichongesha hapa hapa kwa mbao za hapa. Alikubali kwamba angeweza. Akamwomba Jesse amsaidie kulisogeza kutoka ukutani. Mgongo wa kabati ulikuwa wa plaiwudi nyembamba, na mimi katika miaka yote ya kulifuta vumbi sikuwahi kuutazama. Alimulika kwa tochi ya simu. Chini kabisa, kwa herufi nyeusi za muhuri zilizofifia, palisomeka TANGANYIKA, na chini yake kipande cha neno lingine, la Kiingereza, lenye maana ya chai.

"Hili lilikuwa sanduku la majani ya chai," alisema. "Fundi alilivunja akafanya mgongo. Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Jina hili walilileta nani?"

Nilikuwa mwalimu wa Historia. Nimewafundisha watoto wasiohesabika kwamba jina hilo lilikuja na Waingereza, baada ya Wajerumani kuondoka. Nilizisoma zile herufi tena.

"Na bawaba hizi," aliendelea, "ni za miaka ya hamsini. Baba yangu alizinunua kwa Mhindi mjini kabla sijazaliwa. Nyumbani zimebaki nne. Hili kabati halikuonana na mmisionari yeyote aliyeondoka mwaka 1920."

"Milioni saba!" Jesse alisimama. "Shemeji, huyu mama ametumwa. Kesho utasikia kuna mtu analitaka kwa laki tatu."

"Aje mtu huyo, nami nije nimfukuze," alisema Mwanaasha. Hakupandisha sauti.

Naomba nieleweke. Sikuwa naona bei. Nilikuwa namwona baba mkwe wangu, mzee aliyehubiri miaka hamsini, ambaye jina lake tu lilitosha kumpatia mtoto wetu nafasi ya shule au mkopo wa mbolea bila mdhamini. Kama kabati lilichongwa miaka ya hamsini, basi aliyesema lilitoka kwa mmisionari mwaka 1920 alisema uongo. Hasira ilinijia. Nilimwambia mama yule kwamba amezoea kupima vitanda vya mjini, na kwamba nyumba hii ina ushahidi wa maandishi.

Ushahidi huo ulikuwa ndani ya kichumba cha katikati. Kabati lile lina milango miwili mikubwa, na kati yake kuna kichumba chenye mlango wake na kitasa chake. Humo tuliweka Biblia na vyeti vya ubatizo, kwa sababu Mwinjilisti alikuwa na amri moja kali: kitu cha nguruwe kisiingie humo wala kisisogee. Sisi ni watu wa Machame, nguruwe tunamla, tena kwa furaha. Lakini Jesse alipokuwa mdogo aliwahi kuweka mfupa mmoja humo kwa mchezo, akachapwa mpaka akakaa kwa ubavu siku mbili. Katika kitabu changu niliandika kwamba Mwinjilisti alikiheshimu kichumba kile kama hekalu.

Upande wa chini wa rafu yake kuna mistari mitatu ya penseli. Hosea aliwaonyesha wageni wote: mwandiko wa Mdachi. Mwandiko wa kale wa Kijerumani unajulikana kwa ugumu wake, ni mawimbi matupu, hata Wajerumani wenyewe leo hawausomi. Mgeni mmoja wa kutoka Ulaya alipoonyeshwa alitabasamu, akasema kweli ni wa zamani sana, yeye umemshinda.

Nilitoa Biblia na vyeti. Mwanaasha alitandika kanga sakafuni, akalala chali, akaingiza kichwa ndani ya kichumba. Jesse alimshikia tochi. Tuliona raba zake tu na ncha ya baibui.

"Mwalimu," sauti ilitoka ndani ya kabati. "Nani aliwaambia hiki ni Kijerumani?"

"Kwani ni nini?"

"Ni Kiswahili."

Jesse aliinama. "Kiswahili gani hicho? Herufi gani hizo?"

"Za Kiarabu, baba. Mnaanzia mwisho; hizi husomwa kutoka kulia. Ndivyo walivyoandika wazee wetu barua." Akavuta pumzi, akasoma pole pole, neno moja moja, kama mtoto wa madrasa: "*Sahani za Abdala Mdachi, ziko kwa nduguye Eliakimu. Cha nguruwe kisiingie humu. Ramadhani 1371.*"

Hakutoka. Tulimsikia akisoma tena kwa kunong'ona. Jesse alitafuta katika simu yake, akasema mwaka huo ni 1952. Mwanaasha alipotoka alikaa pale pale sakafuni, baibui limejaa vumbi, amejiziba mdomo kwa mkono.

"Abdala Mdachi ni babu yangu," alisema. "Mzaa baba yangu. Nilimshuku tangu kwenye vigingi, maana alikuwa akiweka vitatu, cha katikati kimelala. Lakini mpimaji hakimbilii mbele ya ushahidi."

Alitueleza kwa vipande. Babu yake alilelewa karakanani kwa mkulima mmoja wa Kijerumani, akajifunzia randa hapo, na tabia ya kupima kila ubao mara mbili. Watu wa Njoro wakamwita Mdachi mpaka jina la baba yake likasahaulika. Kila kiangazi alipanda Machame kupasua mringaringa, akikaa wiki hata miezi. Hakuna aliyewahi kuwaambia alikuwa akilala wapi. Alifariki Mwanaasha akiwa na miaka kumi.

"Lakini kulikuwa na neno," alisema. "Bibi akichelewesha chakula, babu anavaa kofia, anasema, 'Haya, sahani zangu ziko mlimani.' Sisi tukacheka. Baba akalirithi, na mimi nikalirithi. Raya akiniudhi namwambia, sahani zangu ziko mlimani. Tulijua ni msemo tu. Kama kusema, nina pa kwenda. Mwalimu! Kumbe sahani zilikuwepo!"

Nilikuwa bado nimesimama, na nadhani sura yangu ilionyesha mshangao wa mtu anayesikia habari njema. Haukuwa huo. Mwaka 1983, nilipomhoji baba mkwe kwa ajili ya kitabu, alikuwa na miaka themanini. Nilimuuliza kabati alilipata wapi. Alisema, "Alinipa Mdachi Abdala, siku aliyoacha kupasua mbao." Mimi ni mzaliwa wa Kirua Vunjo; Kimachame chake kilinipa taabu, na Kiswahili chake kilijaa Kimachame. Lakini maneno hayo niliyasikia sawasawa. Nikaona mzee anachanganya. Mjerumani hawezi kuitwa Abdala, na mmisionari kupasua mbao ni jambo la ajabu. Nikaandika Mdachi, nikamwacha Abdala nje, kisha nikatafuta mwaka ambao Wajerumani waliondoka. Nilipomsomea ukurasa ule, mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Mdachi angecheka sana." Nilidhani ananisifu.

Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo katika nyumba ile ila msomi wake.

Halafu Mwanaasha aliuliza swali ambalo nilikuwa naliona likija tangu aliposoma neno la kwanza.

"Na sahani zenyewe, Mwalimu? Ziko wapi?"

"Sijui," nilisema. "Ni zamani sana."

Nilijua.

Chai ilinywewa, ikapoa, ikanywewa hivyo hivyo. Jesse ndiye aliyerudisha mazungumzo kwenye Jumapili. Alizungumza kwa akili, sikatai. Kibao kimechongwa. Kitabu kimesomwa miaka arobaini. Nani kanisani anasoma Kiarabu? Mama aandike tu kwamba kabati ni la zamani, mbao ni za thamani, mwaka auache.

"Andika 'la zamani,' mama. Si uongo huo."

"Hata mimi ni wa zamani," alisema Mwanaasha. "Naandika nilichokiona, ama siandiki, na nauli yangu mnanirudishia."

Wakanitazama wote wawili. Nilikuwa nimelinda jina la Eliakim tangu Hosea alipofariki, na nilijua kulilinda ni nini: ni kutopeleka maneno nje. Lakini karatasi ilikuwa mezani, tupu, na mimi nimewachapa watoto kwa kunakili majibu wasiyoyaelewa.

"Andika ulichokiona," nilisema.

Jesse alichukua kofia akatoka bila kuaga.

Mwanaasha aliandika mstari kwa mstari: mringaringa, mgongo wa sanduku la chai, vigingi, bawaba, maandishi yalivyo na yalivyosomwa, jina la fundi. Thamani aliweka milioni moja na nusu. Nilimuuliza kama asingeongeza kidogo, maana ni kazi ya babu yake. Alisema hiyo ndiyo sababu amepunguza.

Jumamosi nilikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa nikawasomea karatasi yote, kisha nikawaambia habari ya Abdala niliyemfuta kwa kalamu. Mzee Wenseslaus, aliyehamia kwetu kutoka Kibosho na hana haya ya kusema, ndiye aliyedakia wa kwanza.

"Mwalimu! Mjukuu wangu aliulizwa swali hilo kwenye kipaimara! 'Nani alimpa Mwinjilisti kabati?' Akapata vema!"

"Apewe sifuri," nilisema. "Na mimi."

Mwingine akauliza kama tutaweka maandishi ya Kiarabu katika jengo la kanisa. Mzee Godlove, ambaye alikuwa amekipakata kile kibao cha shaba, alisema maandishi hayo yamekaa nyumbani kwa mwinjilisti miaka sabini na paa halijaanguka. Mabishano yalichukua saa mbili. Mwishowe waliamua: kabati litaingia, kibao hakitaingia, na badala yake karatasi ya mpimaji itawekwa ndani ya fremu ya kioo karibu nalo, yote, isomwe na kila mtu. Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama nikasahihisha ukurasa wa kumi na nne kwa mdomo wangu. Watu walinong'ona, wengine walicheka, mama mmoja alilia sijui kwa nini. Jesse hakuja.

Mtu angedhani baada ya hapo ningelala. Lakini kuungama kosa la kitabu mbele ya watu mia nne kulikuwa rahisi kuliko lile neno moja nililomwambia mwanamke mmoja aliyekaa sakafuni kwangu: sijui. Siku ya kumi nilishuka Njoro, na karatasi mkobani, maana fremu ilikuwa bado haijawa tayari.

Nilimkuta karakanani anapaka vanishi mguu wa meza kwa kitambaa. Raya aliniletea kigoda akarudi jikoni.

"Mwalimu! Umepauka. Kabati limerudi?"

"Kabati halina neno. Nimekuja kwa ajili ya sahani."

Kitambaa kilisimama.

"Nilikudanganya," nilisema. "Nilizijua. Zilikuwa tatu, za bati, nyeupe, ukingo wa buluu. Niliolewa mwaka 1978. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, nyumba ilikuwa ya wanaume watupu, nikaanza usafi. Nilifungua kile kichumba nikazikuta humo zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Zimebanduka rangi kidogo. Nikaona ni aibu, sahani mbovu mahali pazuri vile, na Biblia iko juu ya gunia la kahawa. Nikaziondoa."

"Ukazitupa."

Angekuwa mtu mwingine ningesema ndiyo.

"Nilizilishia nguruwe."

Alitazama mguu wa meza, akaona tone la vanishi linateremka, akalifuta.

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Mpaka zikatoboka."

"Mzee Eliakim aliona?"

"Aliona. Alikuja akasimama bandani nikiwa nachota pumba kwa mojawapo. Alisema maneno ya Kimachame, machache. Nilikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile, sikumwelewa, na niliona haya kumuuliza. Usiku ule hakula. Nilidhani ni tumbo."

"Bibi harusi wa miezi miwili," alisema Mwanaasha. "Angekuambia nini?" Kisha akainua macho, na hayakuwa ya upole. "Ungeniambia zimepotea nisingeuliza tena. Mbona umeniambia?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu njia nzima kutoka Machame, jibu la mwalimu, lenye mwanzo na mwisho. Nililiacha, nikafungua mkoba.

Aliosha mikono kwa mafuta ya taa, akaifuta, akaninyooshea kiganja. "Nipe ile karatasi."

Nilimpa. Aliilaza juu ya benchi, akatafuta kalamu kwenye kopo la misumari, akaandika chini ya bei, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Alipomaliza alinigeuzia nisome.

*Upungufu: sahani tatu za bati, mali ya Abdala Mdachi. Hazipo. Zilitumika kulishia nguruwe, 1978. Habari kutoka kwa mwenye nyumba.*

"Hii itakaa kwenye kioo," alisema. "Kanisani kwenu. Wataisoma."

"Wataisoma," nilisema. Nikafikiria Mzee Wenseslaus, na mjukuu wake, na Jesse. Nikaisoma tena, neno kwa neno, kama ninavyosahihisha.

"Umekosea mahali pamoja," nilimwambia. "'Mwenye nyumba' ni watu wengi. Andika Winfrida, mke wa Hosea."

Akachukua kalamu akaandika.